Nyayo, Si Vidole

Mama Sponji alikuwa na dharau ya kumtosha yeye na majirani, na bado ikabaki. Ukimwendea na siti ya pikipiki mkononi, kabla hujamaliza kumwamkia alikuwa ameshakutazama kuanzia kiunoni kushuka chini, ameshakukadiria miguu, na ameshajua ujinga wako ni wa aina gani. Kukata na kushona siti za pikipiki ndiyo iliyokuwa kazi yake kwa miaka ishirini na mitatu, kwenye kibanda cha mabati kilichobanwa kati ya fundi pancha na muuza vioo vya madirisha. Humo ndani mlikuwa na cherehani nzito ya kushonea rekseni ya kufunikia siti, meza iliyojaa makovu ya kisu, na vipande vya sponji vilivyorundikwa hadi kwenye paa, kwa sababu mama huyu hakutupa hata kipande cha kufutia sahani.

Wateja wake wengi walikuwa vijana walionunua pikipiki ya kwanza maishani. Siku ya kwanza kijana anapita mtaani akipiga honi, hamjui mtu. Siku ya tatu yuko mlangoni kwa Mama Sponji, siti kwapani kama kuku wa wizi, sauti imeshuka.

"Mama, naomba unipunguzie kidogo."

"Nikupunguzie nini, siti au akili? Maana akili naona imeshapungua."

Tatizo lao lilikuwa moja. Walikwenda yadi ya pikipiki na macho, miguu wakaiacha nyumbani. Mmoja alichagua kwa mlio, eti unafanana na wa lori. Mwingine alichagua kwa sababu ya picha ya chui kwenye tangi. Lakini aliyewapita wote ni yule mfupi aliyekwenda yadi na viatu vya kuazima, soli nene kama tofali. Akapanda, miguu ikafika, akanunua. Jioni mwenye viatu akavitaka viatu vyake. Mama Sponji aliicheka habari hiyo mwaka mzima, na kila aliyekaa kwenye benchi lake alisimuliwa upya, hata siku aliyokuja kukaa yule yule wa viatu.

Sheria yake ilikuwa fupi: nyayo, si vidole. Ukikaa kwenye pikipiki iliyosimama, nyayo zote mbili zilale chini. Vidole vikigusa tu, hiyo si yako, ina mwenyewe na miguu yake. Pikipiki, alisema, haina haja ya kumwangusha mjinga ikiwa mbioni. Inamngoja asimame, watu wakiwa wengi, ndipo inamlalia. Na yule ambaye hata vidole havikugusa alikuwa na neno lake maalumu. "Wewe hukupanda," aliambiwa. "Wewe umeanikwa." Watu waliokuwa wakingoja matairi kwa fundi pancha wakisikia neno hilo walisogea kuja kucheka, na kijana wa watu alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na siti yake.

Kulikuwa na kichekesho kimoja ambacho hakuna aliyethubutu kukicheka mbele yake: yeye mwenyewe hakuwahi kuendesha pikipiki, wala kukaa nyuma ya aliyeendesha. Sokoni alikwenda kwa miguu, na safari ndefu alipanda basi. Ukimuuliza, jibu lilikuwa tayari.

"Kwani seremala wa majeneza hulala ndani kwanza ajaribu?"

Basi mwaka huo binti yake wa pekee akaitiwa kazi. Binti huyo alimzaa na dereva mmoja wa malori, mtu mrefu wa kuinama kila mlango, ambaye alikwenda safari ndefu na hakurudi, na hiyo ni dharau ya siku nyingine. Duka kubwa la dawa lilitaka madereva wa kupeleka dawa majumbani kwa wagonjwa, kila mmoja na pikipiki yake. Binti alikuwa amejifunza kwa pikipiki ya mjomba wake na kupata leseni kimyakimya. Jaribio lilikuwa Jumatatu, na kila mtu alilijua lilivyo: duka liko kwenye mteremko, na msimamizi humsimamisha dereva pale pale getini, sanduku limejaa nyuma, akae juu ya pikipiki bila kuyumba mpaka karatasi zake zikaguliwe. Akiiangusha, arudi kwao. Binti alikuwa na miaka ishirini na miwili, na tangu amalize shule alikuwa akishona sare kwenye chumba cha mtu mwingine, kola baada ya kola, mpaka macho yakamuuma. Kazi hii aliitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka.

Jumatano walikwenda yadi pamoja. Mama Sponji aliingia kama mkaguzi wa serikali. Muuzaji, kijana wa shati la mikono mirefu na maneno marefu zaidi, alianza kuisifu injini, akaambiwa anyamaze. Mama alipita safu nzima akibonyeza siti kwa dole gumba na kuguna.

"Hii godoro la mgonjwa. Hii ubao. Hii aliyeishona alikuwa anawahi msiba."

Mwisho akasimama mbele ya kipikipiki kifupi cha rangi ya maziwa, chenye magurudumu membamba.

"Hiki hapa. Sisi wafupi, mwanangu. Tusijidanganye."

Lakini binti alikuwa ameshafika mwisho wa safu, kwenye ile nyeusi, ndefu, yenye matairi ya meno, na alikuwa ameshaipanda.

"Mama, hicho tumbo litakwaruza mawe. Kule juu wanakokaa wagonjwa hakuna lami. Na ukiwa chini vile mwenye lori hakuoni, anakupita kama uchafu wa barabarani. Ya mjomba ni kama hii, nimeizoea. Tazama, vidole vinafika."

"Vidole si nyayo."

"Sponji ikipunguzwa kidogo, nyayo zitafika. Si ndiyo kazi yako?"

"Kazi yangu ni kuwasitiri wapumbavu. Sikuzaa ili nijiongezee wateja."

Binti akacheka, si kwa furaha. "Kwa hiyo watu wote wangekuwa na akili, mama, sisi tungekula nini?"

Muuzaji akacheka na yeye. Hilo ndilo lililoharibu mambo. Mama Sponji alisikia kicheko cha mwanamume ndani ya yadi ya pikipiki, na kitu kikampanda kichwani. Akaitazama miguu ya mwanawe kando ya kile chuma cheusi, akasema kwa sauti iliyofika hadi getini:

"Shuka! Umeanikwa!"

Wauzaji wote wakageuka. Mmoja alijipiga paja. Binti alishuka taratibu, akaifuta siti kwa kiganja kana kwamba ameichafua, akatoka nje. Njiani mama alijiambia moyoni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu lisilofika chini litavunjika mapema zaidi.

Kesho yake binti alirudi yadi peke yake, na jioni pikipiki nyeusi ilikuwa imeegeshwa nyuma ya kibanda. Hakuomba siti ipunguzwe. Hakuomba chochote. Alikula, akaosha sahani, akaingia chumbani. Ijumaa ikawa vivyo hivyo. Mama Sponji, ambaye alizoea kugombana na watu wanaojibu, hakujua la kufanya na mtu anayesema "ndiyo, mama" na "usiku mwema, mama" halafu basi.

Jumamosi binti alikwenda kumalizia sare za watu. Mama Sponji alishona siti moja, akaifumua, akaishona tena. Fundi pancha alichungulia akamuuliza kama ni mgonjwa, mbona tangu asubuhi hajatukana mtu. Mama Sponji aliweka mkasi mezani, akazunguka nyuma ya kibanda kuitazama ile nyeusi. Alitaka kuidharau. Alianza na vioo, akashuka kwenye tangi, akafika kwenye siti, na hapo akakwama.

Zamani naye alikuwa na umri huu huu wa binti. Alikuwa fundi cherehani mwenye pesa yake mwenyewe, na aliingia yadi na gauni lake zuri kuliko yote, kuchagua pikipiki, jambo ambalo hakuna mwanamke wa mtaa wao aliyekuwa amelifanya. Enzi hizo fupi hazikuwepo. Muuzaji alimnyanyua kama gunia, akamkalisha juu, kisha akarudi hatua tatu na kuwaita wenzake. "Njooni muone! Nguo imeanikwa!" Miguu yake ilikuwa ikining'inia huku na huku, na kiatu kimoja kikadondoka. Walicheka mpaka mmoja wao akakaa chini. Hakuna aliyemshusha, aliruka mwenyewe, akaokota kiatu chake, akaondoka. Neno lile alikwenda nalo nyumbani, akakaa nalo miaka, kisha akaanza kuligawa. Alilitupia vijana mia mbili, labda mia tatu, na Jumatano alimtupia mtoto wa tumbo lake, mbele ya watu.

"Nyani haoni kundule," alisema kwa sauti, na nyuma ya kibanda hapakuwa na mtu mwingine wa kutukanwa.

Akaifungua siti, akaipeleka mezani. Kwa kawaida hakugusa sponji kabla ya kumpima mteja: mtu anasimama wima, kamba inashikwa juu ya paja kwa ndani, mwisho wake unakanyagwa kwa kisigino, fundo linafungwa. Siku hiyo wa kupimwa hakuwepo. Alisimama yeye mwenyewe ukutani, akaivuta kamba, akaikanyaga, akafunga fundo. Kwani huyu si nimemzaa mimi, aliwaza. Akang'oa pini, akaivua rekseni, akaanza kukata. Alipunguza juu kwa kisu kirefu, tabaka kwa tabaka, kisha akapunguza mabega ya siti, maana wajinga hudhani ni kimo tu, kumbe upana nao hula urefu wa mguu. Alilainisha kwa msasa, akapima kwa kamba, akakata tena. Kisha akashona rekseni mpya, yenye mshono mweupe pembeni, mshono ambao wateja huulipia zaidi na bado huambiwa hawaustahili. Hakuwahi kukata siti kwa utulivu kama ule.

Jumapili asubuhi binti alikuta siti imerudi mahali pake. Alisimama kidogo, akaugusa ule mshono, kisha akapanda. Nyayo zililala chini zote mbili, ila magoti yalipanda juu, karibu ya usukani, kama mtu aliyekaa kwenye kigoda cha jikoni. Akajisogeza nyuma. Magoti yakamfuata.

Mama Sponji alitazama, akahisi aibu inampanda shingoni. Miaka ishirini na mitatu hakuwahi kukosea kipimo, na hapa alikuwa amekosea kwa vidole vitatu vizima. Mtoto alikuwa na miguu ya baba yake. Alikuwa nayo tangu lini? Kila siku walipita mlango mmoja, na yeye, bingwa wa kupima miguu ya watu, hakuwahi kuiona.

Binti aliitazama siti, akamtazama mama yake, akaitazama kamba iliyoning'inia mlangoni na fundo lake jipya.

"Mama," alisema polepole, "hii siti umemkatia nani?"

"Mjinga mmoja."

"Mteja?"

"Alikwenda yadi mara moja tu. Akachekwa, akakimbia, hakurudi tena. Akaona bora akae kibandani atukane watoto wa watu." Mama Sponji alikohoa. "Yako nitaijaza leo leo, vipande ninavyo. Vidole vitatu vya sponji, na nyayo zako bado zitalala. Kesho usimame pale getini mpaka wachoke wao. Na lile neno la Jumatano, mwanangu, nisamehe. Halikuwa lako. Lilikuwa langu."

Binti alishuka, lakini hakuiegemeza pikipiki kwenye stendi yake. Alishika usukani kwa mikono yote miwili, akaisimamisha wima, akaikaza.

"Basi kabla hujaijaza," alisema, "mwambie apande."

Upande wa fundi pancha wanaume wanne walikuwa wameacha walilokuwa wakilifanya. Mama Sponji aliwaona. Alimwona na yule mmoja aliyekuwa ameshaanza kutabasamu. Alivuta gauni juu ya magoti, akashika bega la mwanawe, akarusha mguu. Siti ikampokea. Wayo wa kushoto ukalala kwenye udongo, kisha wa kulia, kisigino na vidole vyote vitano.

Akawageukia wale wanaume.

"Mnakodoa macho ya nini?" aliwauliza. "Hizi ndizo zinaitwa nyayo."