Machibya na Gramafoni Iliyochoka

Machibya wa Kasoli alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa hospitali: akishaanza kujiuliza jambo, hatulii mpaka alijue. Alipokuwa mdogo aliifungua saa ya baba yake aone kinacholia mle ndani, akachapwa, na kesho yake akaifungua tena kwa sababu fimbo ilimkatiza kabla hajaona vizuri. Akakua, akaoa, akawa mkulima wa pamba anayeheshimika, na ugonjwa haukupona.

Mwaka wa 1976, akiwa na miaka arobaini na ushei, jambo lililomkosesha raha lilikuwa moja. Yule mpiga gitaa wa kwenye santuri ya Mzee Mtoro, pale Bariadi mjini, ni mtu mmoja au ni wawili? Na kama ni mmoja, anatumia vidole vingapi?

Utasema hilo ni swali la mtu asiye na kazi. Lakini mkono wa kulia wa Machibya ulikuwa umebaki na vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Miaka miwili nyuma, watu wakiwa ndio kwanza wamehamia kijijini na hata vyoo havijachimbwa, maksai wake walishtuka wakati anafunga mnyororo wa plau. Mnyororo ukakaza. Kidole cha kati, cha pete na kidogo vikabaki shambani.

Alipopona, kamati ya kijiji ilikaa ikamfikiria kwa huruma. Wakampa kazi ya kugonga rimu la gari kila asubuhi kuwaita wenzake kwenye shamba la kijiji. Kabla yake kazi hiyo ilikuwa ya kikongwe mmoja asiyeona vizuri. Machibya alishukuru kwa adabu zote, akarudi nyumbani, akakaa nyuma ya ghala la mtama mpaka jua likazama. Aliona aibu, na alikasirika kwamba anaona aibu.

Kitu alichobaki nacho kilikuwa gitaa. Alilinunua kwa pesa za pamba kutoka kwa dereva wa lori, pale Maswa, nje ya kiwanda cha kuchambulia pamba, na kwa miaka mitano alilipigia kwaya ya kigango kwa kulikwangua na kipande cha kitana kilichovunjika. Sasa kipande hicho kilikuwa kinamponyoka. Hakuwahi kujua kwamba kidole cha kati ndicho kilichokuwa kikikizuia kwa nyuma, mpaka kidole chenyewe kilipokuwa hakipo.

Ndipo Mwalimu Joakim, kiongozi wa kwaya, alipokuja siku moja na kofia yake mkononi. Joakim alikuwa mtu mwema, na mtu mwema akija kuomba kitu ni tabu kumkatalia.

"Baba Nyanjige," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe, "gitaa linakaa bure. Vijana wa kwaya wangelitumia. Si kwamba tunakunyang'anya."

"Najua, Mwalimu."

"Lakini mkono wenyewe…"

"Mkono nauona," alisema Machibya. "Nipe mpaka Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane. Nikishindwa, uje ulichukue, na mama Nyanjige atakupikia."

Joakim akakubali. Tena akamsaidia, maana siku ya pili yake alimletea kitabu alichokiazima kwa padre, kitabu cha Kiingereza cha kujifundishia gitaa nyumbani. Walikifungua wote wawili juu ya mkeka. Ndani yake mlikuwa na mistari mitano mitano yenye vidoadoa vilivyokaa juu yake, ambayo Machibya aliitazama kwa hamu kubwa bila kuambulia kitu, na mlikuwa na picha ya mkono wa mtu. Kila kidole cha mkono huo kilikuwa na herufi yake, isipokuwa kile kidogo.

"Kinasemaje?"

Joakim alisoma, akarudia kusoma, akatafuta namna ya kulisema. "Kinasema vidole vinne."

Machibya alitazama picha, kisha mkono wake. Alikifunga kitabu taratibu, akakifuta vumbi, akamrudishia mwenyewe.

Basi ikabaki santuri. Mzee Mtoro alikuwa Mwislamu wa asili ya Tabora, muuza kanga, chumvi na mafuta ya taa, na kwenye kaunta ya duka lake alikuwa ameweka gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Kati ya santuri zake kulikuwa na moja ya upande wa Kongo, gitaa tupu na mtu anayeimba kidogo kama vile hana haja. Gitaa hilo halikukwanguliwa. Lilidonolewa kwa ncha za vidole. Chini besi ilikuwa inatembea zake, na juu wimbo mwingine ulikuwa unachezacheza, na vyote viwili vilikuwa haviachani. Redioni nyimbo za namna hiyo zilipita mbio mtu asipate hata pa kushika, lakini santuri inarudiwa. Kila siku ya gulio Machibya alipanda baiskeli kutoka Kasoli kwenda kuisikiliza. Baiskeli yenyewe haikuwa na breki, kwa kuwa waya wa breki alikuwa ameufumua, nyuzi zake zikawa nyuzi za gitaa. Kwenye mteremko miguu ndiyo iliyokuwa breki, na kandambili zake zilikuwa zimelika upande mmoja.

"Mwadila, Mzee."

"Mwadila, Ndugu Machibya. Leo tena umekuja kuegemea ukuta wangu?"

Pale dukani kila mtu alikuwa na jibu la swali lake. Wengi walisema ni watu wawili, mmoja wa besi na mmoja wa wimbo. Machibya alionyesha karatasi iliyobandikwa katikati ya santuri: jina ni moja.

"Jina!" alisema Mtoro. "Hata duka hili nje lina jina moja, na ndani tunakula sisi tisa."

Hoja hiyo ilikuwa nzito, na Machibya alirudi nayo Kasoli akiitafuna njia nzima.

Tatizo jingine lilikuwa muda. Mwaka ule maduka ya watu binafsi yalitakiwa yafungwe, biashara ishikwe na maduka ya vijiji na ushirika. Mtoro alikuwa amekwisha kuandika barua kwa ndugu zake. Kabla ya mwezi wa nane kwisha angefunga mizigo arudi Tabora, na gramafoni ingekwenda naye. Alikuwa akilizungumzia jambo hilo kwa mzaha, lakini kanga alikuwa akizikunja na kuzikunjua bila sababu.

Sasa ile gramafoni ilikuwa imechoka. Springi yake ilikuwa imelegea, na usipoizungusha kila baada ya muda kidogo, sauti inazama, mwimbaji anakuwa kama mtu anayesinzia kwenye mahubiri. Wateja walikuwa wakipiga kelele, "Zungusha, Mzee!", na Mtoro alikuwa akiona haya, kwa sababu ndiyo gramafoni iliyomletea sifa mjini.

Siku moja, mwanzoni mwa mwezi wa nane, adhana ya alasiri ilisikika wakati ile santuri ya Kongo ndiyo kwanza imewekwa. "Niangalizie duka," alisema Mtoro, akachukua kofia yake. "Ikilegea, zungusha."

Machibya alikaa peke yake na mzigo wa chumvi. Ikalegea. Aliunyoosha mkono akaushika mpini, na hapo akasikia kitu, akauacha.

Sauti za gitaa zilikuwa zimeachana. Ule mchanganyiko uliokuwa ukimpita mbio sasa ulikuwa unakuja sauti moja moja: nene, kisha nyembamba, kisha nene. Na katikati yake kulikuwa na kitu ambacho hakuwahi kukisikia hata siku moja, mkwaruzo mdogo wa ngozi ya kidole ikiteleza juu ya waya. Machibya aliujua mkwaruzo ule. Ndio unaotoka mkono wa kushoto unapohama kutoka sehemu moja ya shingo ya gitaa kwenda nyingine. Mbele yake alikuwepo mtu, mwenye ngozi, anayehamisha mkono. 

Mtoro aliporudi alikuta wimbo unakoroma na mgeni wake ameinamisha sikio mpaka linagusa kaunta.

"Ndugu Machibya! Nimekuachia gramafoni, umeiacha inakata roho!"

"Mzee, usiizungushe! Nakuomba!"

"Watu wote wananisihi niitengeneze, wewe unataka iharibike?"

"Imeharibika vizuri," alisema Machibya. "Iache hivyo hivyo mpaka uondoke."

Mtoro aliangua kicheko cha kwanza tangu barua ile ya kwenda Tabora, na akamvutia kigoda.

Jioni Machibya alimsimulia mkewe. Nyamizi alikuwa anatwanga mtama na jirani yao, michi miwili kinu kimoja, na hakusimama kwa ajili ya habari za gramafoni.

"Ukisikia huo mkwaruzo," aliuliza akiendelea kutwanga, "besi inafanya nini?"

"Inanyamaza."

"Na ile nyembamba?"

Machibya alifikiri. "Nayo inanyamaza."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Basi ni mmoja," alisema Nyamizi. "Tutazame sisi. Mimi nikibadilisha mkono, mwenzangu anaendelea. Kinu hakinyamazi. Kikinyamaza, ujue anayetwanga yuko peke yake."

 Mwezi mzima Machibya alikuwa amelibeba swali hilo kwenda na kurudi Bariadi kwa baiskeli isiyo na breki, kumbe jibu lilikuwa uani kwake.

Ikabaki nusu ya pili ya swali: vidole. Gulio lililofuata alifika mapema, akamsugulia Mtoro sindano ya gramafoni kwenye jiwe mpaka ikawa kali, akakaa kwenye kigoda. Aliwaza hivi: kila kidole kinapiga waya mmoja kwa wakati mmoja. Mwenye vidole vinne, hata awe mnyenyekevu namna gani, kuna mahali atajisahau apige nyaya tatu kwa pamoja, kwa sababu anaweza. Kwa hiyo alisikiliza sauti zinazodondoka pamoja, akihesabu kwa mkono wa kushoto. Moja. Moja. Mbili. Moja. Mbili. Santuri ilipofika mwisho aliomba irudiwe. Mtoro aliirudia mara ya pili, ya tano, ya tisa, wateja wakaanza kununua chumvi na kuondoka haraka. Mara ya kumi na mbili Machibya aliinua uso, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Hakuna tatu," alisema. "Mzee, hakuna hata mahali pamoja penye tatu."

"Maana yake nini?"

 Machibya aliuinua mkono wake wa kulia juu ya kaunta, mkono ambao kwa miaka miwili alikuwa akiuficha mfukoni akiwa mjini, akautandaza kwenye mwanga wa mlangoni ili mwenzake auone vizuri. Mtoro aliutazama, akatazama gramafoni, akasema "Allah!" kwa sauti ya chini, akaizungusha kidogo tu, isije ikakimbia.

Siku ya kuondoka kwa Mtoro, Machibya alikwenda kumsaidia kupakia. Gramafoni ilifungwa ndani ya kanga mbili. "Nikifika Tabora naitengeneza springi," alisema Mtoro, na Machibya akasikitika kama aliyeambiwa rafiki yake anakwenda kupasuliwa.

Zilibaki siku kumi na moja. Kujua ni jambo moja, na gumba la Machibya lilikuwa halijaambiwa. Gumba likitembea, kidole cha shahada kinasimama kulishangaa. Kidole kikianza wimbo, gumba linaacha kazi kumfuata mwenzake. Alifanya mazoezi ya gumba peke yake asubuhi, baada ya kugonga rimu, na ya kidole peke yake jioni. Njiani alifanya kwenye usukani wa baiskeli. Waya wa breki ulimchuna ngozi, Nyamizi akampaka samli, akamwambia kama ni mateso angeweza kuyapata shambani bila kuharibu samli. Lakini yeye ndiye aliyemshauri aende polepole, kama gramafoni ya Mtoro inapochoka. Alikwenda hivyo. Jumamosi bado vidole vilikuwa vinagombana, na usiku ule alikula kidogo tu.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane ikafika. Mwalimu Joakim alikuwa ameahidi kuja baada ya ibada. Nyamizi alichinja kuku, kwa kuwa ahadi ni ahadi, akawa jikoni anasonga ugali na moyo wake ukiwa mzito. Alimwonea mumewe huruma, na alijua akiionyesha atamuumiza.

Ndipo akasikia gitaa kutoka nyumba kubwa. Halikuwa gumba la asubuhi wala kidole cha jioni, sauti hizo alikwisha kuzichoka. Zilikuwa mbili. Moja ilikuwa inatembea chini, taratibu sana, na nyingine inachezacheza juu yake, na hazikuachana. Nyamizi akashusha pumzi. Mwalimu amefika, aliwaza. Amefika, na ameazima gitaa mahali, na wanaagana kwa kupiga pamoja. Ni jambo la kiungwana. Alichota maji ya kunawa, akachukua kile kiti kizuri cha wageni, akavuka ua.

Ndani alimkuta Machibya peke yake, ameinamia gitaa, mdomo umejikunja kwa bidii.

Nyamizi alitazama nyuma ya mlango. Alitazama uani. Maji yalikuwa yanamwagikia miguu.

"Mwalimu yuko wapi?"

"Hajafika," alisema Machibya bila kuacha kupiga, kwa maana aliogopa akiacha vidole vitasahau.

Nyamizi alisimama pale mpaka wimbo ukafika mwisho. Halafu akakiweka kile kiti cha wageni katikati ya chumba, akakikalia yeye mwenyewe, akajifunga kanga vizuri.

"Haya," alisema. "Rudia."