Ratiba Yangu Imevamiwa na Ndugu

Wiki mbili nimepanga safari. Mama ameimaliza kwa dakika tano.

Mnanijua, kuongea na watu kunanichosha. Kwa hiyo likizo yetu ya kwanza mimi na dada niliipanga kimya kimya: kivuko kwenda Ukerewe na kurudi, meli hadi Bukoba, kisha basi la kurudi kwetu, stendi ya Nyegezi, kupitia Geita.

Kila mahali tunalala gesti. Hakuna anayetujua. Raha tupu.

Leo nikampa mama ratiba, ili aturuhusu.

"Gesti, Bukoba? Na shangazi yenu yupo? Mnataka aniulize nimewalea wapi?"

Akachukua simu palepale. Bukoba, kwa shangazi. Geita, kwa mama mdogo, ambaye ameomba tukae siku tatu.

Nikajifariji kwamba Ukerewe hatuna ndugu.

Baba akaweka kikombe chini. "Ukerewe yupo rafiki yangu wa shule. Ana watoto saba, waongeaji hao! Mtafurahi."

Nilitaka kukataa, naapa.

Nikasema, "Asante, baba."

Nimechoka, na begi bado sijafunga.

Jamani, katika ziwa hili lote, hakuna kisiwa ambako baba yangu hajulikani?