Ugomvi wa Benchi la Mwisho

Jamani, leo Mwaka Mpya nimenyang'anywa unyenyekevu wangu kanisani, mchana kweupe!

Jana nilimwahidi Mungu kwamba mwaka huu nitanyenyekea mbele zake. Basi leo nikavua viatu vyangu, vile nilivyonunua kwa kazi ya trekta kule mashamba ya karanga Nachingwea, nikavibana kwapani. Nikaliacha benchi la mbele ninalokaa siku zote, nikaenda la mwisho.

Nafika, namkuta Bonifasi, fundi cherehani wetu hapa Ruangwa, amejaa tele. Pekupeku naye!

"Bwana Bonifasi, hapa nakaa mimi."

"Tangu lini? Mimi nimeweka nadhiri."

"Nadhiri ni yangu!"

Hebu niambieni, hiyo ni haki? Mtu anang'ang'ania kuwa mdogo mbele ya Mungu kunishinda mimi!

Nikajibana palepale. Akanisukuma, nikamsukuma, benchi likalia mpaka katekista akakatiza somo kututazama.

Sikuondoka ng'o. Wala yeye.

Misa imeisha, natoka bado nafoka. Nje, juani, amekaa chini Mzee Ladislaus wa Chunyu, ambaye kila Jumapili huja kwa miguu tangu alfajiri na kufika wa mwisho.

"Shikamoo mzee. Mbona hukuingia?"

"Marahaba, mwanangu. Benchi langu leo lilikuwa na watu."

"Lakini mbele palikuwa wazi!"

Akacheka kidogo.

"Mbele si mnakaa ninyi wenye viatu?"

Na viatu vyangu, jamani, bado vilikuwa kwapani.