Viazi vya Bondeni Nyakisasa

Juzi nilirudi Nyakisasa kwa ajili ya harusi, nikashuka bondeni kunyoosha miguu. Matuta ya viazi vitamu yamejaa ukingo hadi ukingo. Mpwa wangu akaniambia kwa fahari, "Shangazi, hiki ndicho kilimo chetu cha asili." Nikacheka kimoyomoyo. Asili gani, jamani?

Nilipokuwa mdogo, bonde lile lilikuwa nyasi tupu. Tulilima juu, kwenye migomba. Bondeni tulikata nyasi za kuezekea na za kutandaza sakafuni. Siku ya kutandaza nyasi mbichi, nyumba ilinukia kama mvua imenyesha ndani. Bonde lilikuwa la Bibi, na hakutaka jembe liguse pale.

Kisha wakimbizi wakaja. Kilima cha ng'ambo kikageuka mji wa maturubai. Asubuhi moja ya kiangazi akaja mama mmoja kutoka huko, mtoto mgongoni, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Naomba kipande cha bonde nilime. Kwetu bonde haliachwi likae bure."

"Kwetu halilimwi," Bibi akajibu. "Ukilima, mimi nitaezeka na nini?"

 Yule mama alikaa uani akamnyonyesha mwanawe. Mtoto alivuta, akaachia, akalia, akavuta tena. Bibi alimtazama, akaingia ndani, akatoka na jembe.

Mgeni alichimba mifereji, akainua udongo mweusi kuwa matuta. Majirani walimcheka. Lakini kiangazi kilichofuata, migomba ikiwa imenyauka, sisi tulikula viazi vyake vya kuchoma, vinaunguza vidole, na Bibi akawa anamwita "mwanangu."

Hatimaye wakimbizi wakaamriwa kurudi kwao. Walipita barabarani kutwa nzima, mizigo kichwani. Bibi alisimama kando ya njia hadi giza likaingia. Hakumwona yule mama.

Mvua zilipoanza, nyasi zikaota juu ya matuta. Tulidhani Bibi atafurahi. Badala yake alishuka na jembe, akazing'oa zote.

"Bibi, si ulizitaka?" nikamuuliza.

"Akirudi, asikute pori."

Hakurudi. Majirani wakaiga matuta, nyasi zikatoweka kabisa, nyumba zikaezekwa bati. Mvua ikinyesha tulipaza sauti ili tusikilizane. Bibi aliyalalamikia mabati hayo hadi alipofariki. Kuhusu bonde, sikumsikia akilalamika hata mara moja.