Siku Mbili Tabora, na Kikombe cha Uji

Binti yangu alinipigia simu siku ya Jumatano, nikiwa kwenye meza yangu ya mchele hapa Majengo, Mpanda. Akasema, "Mama, njoo Tabora Ijumaa, Jumapili urudi. Huu mji ni wa zamani, una vitu vya kuona na una vyakula vyake. Ila sufuria yako iache hukohuko Mpanda."

Nikamwambia nitakuja. Habari ya sufuria sikuijibu.

Anayenijua anajua kwamba sili kwa mtu. Msibani sili, harusini sili, na kanisani wakianza kugawa chai mimi nimeshatoka. Mwaka huu ni wa kumi. Si maringo wala si mfungo. Nilipewa sumu nikapona, na walionipa wapo wazima. Bora niwataje mapema.

Mume wangu alifariki akaacha shamba la mpunga bondeni, shamba zuri, maji yake hayawahi kukauka. Mdogo wake anayemfuata akalitaka. Mara ya kwanza alikuja kwa upole, mara ya pili akaja na wazee wa ukoo, mara ya tatu akasema mjane hana shamba. Mimi nimeishia darasa la nne, lakini karatasi ya shamba nilikuwa nayo, nikamwambia aende anakotaka. Haikupita muda mke wake akaniita kwake, eti tupatane.

Wazazi wetu walipokuja kutoka Burundi walikuja na desturi hii: anayekupa kinywaji anakionja kwanza mbele yako, ujue hakina kitu. Yule mwanamke alionja togwa mbele yangu. Ila aliionja kwenye mtungi. Ya kwangu aliimimina kwenye kikombe, akaingia nacho ndani, halafu akampa binti yangu aniletee. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na tatu. Mimi nikanywa, maana aliyeleta ni mwanangu.

Nilizinduka hospitalini. Daktari alisema ni dawa ya kupulizia tumbaku. Nilivyotoka nikakuta mambo mawili. Shamba limeshalimwa na shemeji. Na mwenyekiti wa kitongoji, aliyekuwa akila kuku kwa shemeji kila Jumapili, ameandika kwenye karatasi yenye mhuri kwamba nilikunywa dawa mwenyewe kwa uchungu wa kufiwa. Kwa hiyo serikali inavyojua, mimi ni mtu niliyetaka kujiua. Basi hao ndio watatu: shemeji, mke wake na mwenyekiti. Majina yao ninayo kichwani. Hapa siyaandiki, lakini wakisomewa haya watajijua.

Nikahamia mjini na mwanangu. Tangu hapo nakula nilichopika mwenyewe tu. Hata alichopika binti yangu sikula. Nilikuwa naona kinamuuma, nami napita tu kama sijaona. Mwaka jana alipoagwa kwenda kuolewa Tabora, nilikaa meza ya mbele na sahani tupu, watu wakipiga picha.

Ijumaa nikapanda basi la asubuhi. Barabara siku hizi ni lami, Inyonga hiyo, Koga hiyo, pori tupu, halafu Sikonge, halafu unaanza kuona miembe. Ulikuwa msimu wake. Tabora miembe imepangwa kando ya barabara kama imeitwa mkutanoni, na maembe yameanguka mpaka yanakanyagwa na baiskeli. Binti yangu alinipokea stendi, akanisalimia, halafu akaubonyeza mfuko wangu kwa vidole.

"Umeileta."

"Nimeileta."

"Haya. Kesho mchana tunakula kwa mama mkwe wangu, pale Gongoni. Nimeshamwambia una vidonda vya tumbo."

"Umemdanganya kwa nini?"

"Ningemwambia nini? Kwamba mama yangu haamini mkono wa mtu, hata wangu?"

Nikaubeba mfuko wangu, tukaondoka. Kwake nilipika ugali wangu na dagaa wangu kwenye jiko lake, yeye akala cha kwake. Mume wake alikuwa safarini Dodoma kikazi, tukawa wawili tu, kila mtu na sufuria yake, kama wapangaji.

Jumamosi alinitembeza. Soko la Tabora si dogo. Kuna michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwakatwa vikakaushwa juani, imejazwa kwenye viroba. Kuna nsansa, mboga ya majani ya kunde yaliyokaushwa. Kuna uyoga wa porini, mkubwa, mwekundu juu, umepangwa chini kwenye majani. Na asali kila mahali, ya chupa na ya ndoo. Muuza asali mmoja akachovya kijiti akaninyooshea.

"Onja mama, hii ni ya nyuki wadogo. Ukiila hutaki tena soda."

"Asante, sionji."

"Bure kabisa! Mama wa wapi huyu anayekataa asali?"

"Wa Mpanda," binti yangu akamjibu, akakichukua kile kijiti akakilamba yeye.

"Mpanda nao wana asali, ndiyo maana anaringa!" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Nilipenda alivyosema naringa, kuliko wale wa kwetu wanaosema nina kichaa.

Boma la Mjerumani tuliliona kwa mbali, liko juu, lina wanajeshi, hupigi picha. Kisha bodaboda wawili wakatupeleka nje ya mji kwenye nyumba moja ya udongo ya kizamani, kuta nene, mlango wa kuchongwa. Mzee anayeitunza akatuzungusha. Alikuwa na fimbo ya kuonyeshea, anagonga ukuta kila akianza jambo jipya.

Akatueleza kwamba misafara ya kwenda pwani ilipumzika hapo. Pembe za ndovu na watu. Halafu akaanza kutaja. Mfanyabiashara fulani Mwarabu alinunua watu, chifu fulani aliuza, mwingine alikataa akapigwa vita, Mzungu fulani alilala chumba kile pale. Majina yalimtoka bila kusita, na mtoto wa nani na alikufa vipi. Mimi nilisimama namsikiliza huyo mzee kuliko ninavyomsikiliza padri. Watu wamekufa zamani zile, na bado mtu anaamka asubuhi, anavaa koti, anakuja kusema nani alimfanyia nani nini.

Nikamuuliza, "Na waliouzwa, majina yao mnayo?"

"Hao hapana mama. Tuna ya waliouza na walionunua."

"Kwetu ni kinyume. Jina langu mimi niliyefanyiwa ndilo lililo kwenye karatasi. Waliofanya hawamo."

Mzee akaniangalia. "Karatasi gani hiyo mama?"

Binti yangu akanivuta mkono. "Mama, hapa ni makumbusho, si mahakamani. Mlipe mzee tuondoke, tunachelewa chakula."

Nyumba ya mkwe iko uchochoroni, ina ua wa ndani na mkeka mpana uliotandikwa kivulini. Mama mwenye nyumba ni mnene, mwepesi wa kucheka, Mwislamu wa mjini palepale tangu babu zake. Alinikumbatia mpaka mtandio wangu ukaanguka.

"Mkwe wangu! Karibu, karibu. Toka harusi unanikimbia. Leo nimekukamata."

Akaleta sinia moja kubwa, wali wa nazi, kuku, na bakuli la uyoga uliopikwa kwa karanga. Harufu ile siwezi kusema uongo, mate yalinijaa mdomoni. Akasema, "Najua tumbo lako. Wewe pilipili hapana, karanga hapana. Nimekupikia uji wa ulezi, mwepesi, na asali kidogo. Unatuliza vidonda huo." Akageuka akamwambia binti yangu, "Mama, mletee mama yako uji wake, uko kikombe cha kijani."

Binti yangu akainuka akaenda jikoni. Akarudi na kikombe, amekishika kwa mikono miwili kama tulivyomfundisha, ananijia mimi.

Nilimwona ana miaka kumi na tatu. Mikono ileile. Na yeye alijiona, maana katikati ya ua alisimama. Hakuja mbele, hakurudi nyuma. Kikombe kikainama, uji ukamwagika kwenye vidole vyake, wa moto, na hakusema aah.

Mkwe akatuangalia wote wawili. "Kuna nini?"

Ningeweza kusema tumbo limenishika. Ndivyo nilivyozoea. Lakini yule mzee na fimbo yake alikuwa bado kichwani. Nikasema, "Mkwe, sina vidonda vya tumbo. Niliwekewa sumu kwenye togwa." Nikaeleza yote, na pale mkekani majina niliyataja, la shemeji, la mke wake, la mwenyekiti, na ukoo wao na wanakoishi. Sikulia. Nilisema kama mtu anayetaja bei.

Mkwe hakuniuliza hilo swali ambalo watu wote huuliza, kwamba labda ulikuwa na mawazo. Aliuliza, "Na shamba?"

"Wanalima wao. Msimu huu pia."

"Mbwa hao," akasema. "Mungu nisamehe, nipo kwenye chakula. Mbwa." Kisha akamwangalia binti yangu aliyekuwa bado amesimama. "Na huyu, aliyeleta kikombe?"

"Alitumwa," nikasema. "Hakujua. Mtoto akitumwa anakwenda."

Binti yangu akasema, taratibu, "Hujawahi kusema hivyo."

"Kusema nini?"

"Kwamba sikujua. Mama, miaka kumi hujawahi kusema. Nakupikia unasukuma sahani. Nikawa nadhani unanifikiria mimi. Kwamba walinipa kitu, walinipa hata pipi, nikakubali."

Niliwaza watatu miaka yote hiyo, asubuhi na jioni, mpaka nikazikariri sura zao. Wa nne huyu aliyekuwa ndani ya nyumba yangu, anaosha vyombo vyangu, sikumwaza. Na hilo si shemeji aliyelifanya. Ni mimi. Kama nataja, basi nitaje wote.

Nikamwambia, "Sikukufikiria hivyo hata siku moja. Niliogopa tu. Nilipaswa kukwambia."

Mkwe akainuka, akachukua kile kikombe mikononi mwake. "Huu uji nakunywa mimi, ulezi siku hizi bei yake haishikiki." Akanywa nusu, akafuta mdomo. "Na wewe mkwe, usile. Hapa hakuna mtu atakulazimisha. Kaa tupige soga, sisi tunakula, wewe unatuangalia tunavyonenepa. Wewe binti, tia maji baridi kwenye vidole hivyo."

Wakala. Nikakaa nao. Ilikuwa mara ya kwanza nakaa kwenye chakula cha watu bila kutunga uongo. Mkwe alinieleza jinsi bibi wa mama yake alivyokuwa akipikia wapagazi wa misafara, uyoga huohuo wa karanga, na kwamba mwenye haraka huuharibu, lazima uchemshwe maji ya kwanza yamwagwe. Nilisikiliza vizuri, maana mwenye kuogopa sumu anapenda kusikia maji ya kwanza yamemwagwa. Sikula. Nasema kweli, niliutazama mkono wake ukienda na kurudi kwenye sinia, nikataka, na mkono wangu haukunyanyuka.

Usiku kila mtu alipika cha kwake tena.

Jumapili asubuhi binti yangu alirudi kutoka sokoni na uyoga kwenye jani. Akauosha, akachemsha, akamwaga maji, akatwanga karanga. Nilikaa mlangoni, si kwa kumlinda. Au labda kidogo, sitaki kudanganya. Mazoea ya miaka kumi hayaishi kwa siku mbili. Akasonga ugali. Akapakua sahani moja, akaiweka kwenye kigoda kati yetu, akakaa upande wake, akaanza kula. Hakunikaribisha. Hakuonja kwanza akanitazama. Alikula tu, kama mtu mwenye njaa aliyetoka sokoni.

Nikanawa.

Tonge la kwanza lilikaa mdomoni muda mrefu. Nikalimeza kwa nguvu, likashuka likikwaruza kama punje ya mahindi. Binti yangu aliacha kutafuna, ila hakunyanyua macho. Nikasubiri. Tumbo halikusema kitu. Nikamega la pili, nikachovya kwenye mchuzi, na safari hii nikasikia ladha.

"Chumvi imezidi," nikamwambia.

Akanyanyua kichwa. Macho yalikuwa mekundu, na kamasi zinamtoka.

"Miaka kumi, mama. Miaka kumi, halafu unaanza na chumvi?"

"Nasema kilichopo. Na karanga hukuzitwanga vizuri."

"Basi acha, usimalize."

"Nani kasema naacha? Sogeza huko, unakula upande wangu."