Daktari Aliuliza ya Mchana Tu

Bwana Mhariri, jina langu lifiche, lakini maneno yangu usiyapunguze. Nina miaka ishirini na mmoja, nakaa mtaa wa Kuze, mwanangu wa kwanza ana miezi saba. Shule nilisoma kidogo, mwandiko mnisamehe. Nina hasira.

Mume wangu sigara imemshika. Hukohoa mpaka akapiga magoti, na sasa mtoto naye ameanza. Kabla ya Ramadhani alikuja daktari mgeni, anajaribu vidonge vya kuwaachisha watu tumbaku. Nilimbembeleza mume wangu hata akakubali. Siku hiyo nililia kwa furaha.

Majaribio yakaanza mwezi mosi Ramadhani, vidonge humezwa baada ya futari. Kila alasiri daktari huwauliza, "Tangu kuamka, umevuta ngapi?" Wote hujibu, "Hata moja." Huandika, akatabasamu. Alijua hawali mchana. Hakujua kwamba moshi nao hufunguza saumu! Magharibi ikiadhiniwa, mume wangu hutia tende moja kinywani, kisha sigara tatu kabla hajagusa uji.

Mwezi ulipoandama, daktari akawaambia wamepona, vidonge basi. Asubuhi ya Idi mume wangu alivuta njia nzima kutoka msikitini.

Nikamwambia, "Umemdanganya daktari wa watu!"

Akacheka. "Mimi? Kaniuliza ya mchana, nami nikamjibu ya mchana. Nitaapa popote."

Nikamwendea dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati aliyekuwa akimtafsiria daktari, mtu wa papa hapa, naye kafunga kama sisi. "Hukujua wewe?"

"Nilijua, dada. Lakini yule mzungu alikuwa na furaha, mimi nimharibie?"

Furaha! Na kifua cha mwanangu je?

Hebu fikirini: mtu huyu mchana kutwa, siku thelathini, hakuvuta. Basi anaweza! Alichokosa ni mtu wa kumshika mkono usiku, na huenda vidonge vile vingemfaa lau daktari angejua ukweli. Jumatatu anaanza kuwapa watu wengine, na mume wangu hayumo, kwa kuwa kwenye daftari amepona.

Nimesema nitakwenda mwenyewe. Mume wangu akajibu, "Nenda ukanifedheheshe mbele ya wanaume wenzangu, kisha upitilize kwa mamako."

Nampenda, wallahi. Leo ni Alhamisi. Nyinyi mnaosoma, nipeni shauri kabla ya Jumatatu: nimwambie daktari, au nikae kimya nihesabu vikohozi viwili nyumba moja?