Daftari la Bi Chupa

Jina la Bi Chupa alipewa na Profesa mwenyewe, wiki ya kwanza tu kazini, na likamganda kama kupe. Alikuwa fundi wa maabara, mwanamke mfupi mwenye vidole vilivyokakamaa kwa baridi, maana kazi yake ilifanyika kwenye chumba baridi kama jokofu. Kwa miaka kumi na tisa alisaga maini ya panya, akayazungusha kwenye mashine mpaka maji yakajitenga na tando za seli, kisha akapima kilichobaki kila upande.

Walikuwa wakichunguza kimeng'enya kimoja kinachoisaidia seli kutengeneza mafuta ya utando wake, ule ukuta mwororo unaoizunguka. Kilichowasumbua ni kwamba kimeng'enya hicho kilielea majini kama kimelala, hakifanyi kazi yoyote ya maana.

Siku moja Bi Chupa alitia tone la asidi ya mafuta kwenye sampuli. Aliposoma vipimo, hakuamini macho yake. Kimeng'enya kilikuwa kimehama majini, kimejibandika kwenye utando, na kinachapa kazi mara nane zaidi ya jana. Akarudia siku tatu. Mambo yakawa yale yale.

Akampelekea Profesa karatasi ya vipimo, mbele ya wanafunzi wake wa shahada.

Profesa hakuigusa karatasi. "Asidi ya mafuta ni ndugu yake sabuni," alisema. "Bi Chupa hakusuuza chupa vizuri, sasa anataka tumpe tuzo."

Wanafunzi wakacheka. Profesa akamwondoa kwenye vipimo, akamwamuru aoshe vyombo vyote vya maabara upya, kimoja kimoja. Kazi hiyo ilimla miezi mitatu.

Jioni moja katika miezi hiyo, nyumbani, alimsimulia dada yake, fundi cherehani ambaye hakuwahi kuingia maabara.

"Sasa hayo mafuta yanakiambia nini hicho kidudu chako?" dada aliuliza, pini mdomoni.

"Yanakiambia malighafi imefika, amka ujenge. Yakiondoka, kinarudi kulala."

"Umejuaje kwamba kinarudi?"

Bi Chupa akatafuta kichwani kipimo cha kumwonyesha. Kumbe hakujua. Alikuwa amekisia tu.

Kesho yake, wengine walipokwenda kula mchana, aliacha karai la vyombo akaingia chumba baridi. Alitia protini ya damu, ambayo hunyonya asidi ya mafuta kama kitambaa kinavyonyonya maji. Kimeng'enya kikauachia utando, kikarudi majini, kikalala. Akaongeza mafuta, kikaamka tena. Kitu kilichoharibiwa na sabuni hakiamki. Akaandika yote kwenye daftari lake mwenyewe, lenye jalada la kijani.

Angalilipeleka kwa Profesa siku ile ile, lakini alipotoka alimkuta mwanafunzi mmoja amesimama mezani kwake akitia asidi ya mafuta kwenye sampuli. Profesa alikuwa pembeni yake, akimwelekeza. Wote wawili hawakumtazama. Bi Chupa akarudi kwenye karai lake, daftari likiwa ndani ya koti.

Baada ya miezi michache Profesa aliutangaza ugunduzi mbele ya ukumbi uliojaa wageni. Bi Chupa alikaa kiti cha nyuma. Mgeni mmoja aliuliza wazo lilitoka wapi.

"Bahati," alisema Profesa akitabasamu. "Mwosha vyombo wangu alikosea kusuuza."

Ukumbi ukacheka. Bi Chupa naye akacheka, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Kisha mama mmoja mwenye mvi akasimama. "Profesa, mafuta mengi huvuruga protini. Mkiyaondoa, kimeng'enya kinarudi kilivyokuwa? Kama hamkupima hilo, hamna kitu."

Profesa akapekua karatasi zake. Akamtazama mwanafunzi wake, mwanafunzi akatazama viatu. Mwishowe macho yake yakamfikia Bi Chupa, yakaganda hapo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na tisa kumtazama kama mtu anayehitajiwa.

Bi Chupa alipapasa jalada la daftari kwenye koti lake. Hakufungua kinywa.

Makala ya Profesa kuhusu ugunduzi huo ilikataliwa na jarida kwa kukosa kipimo hicho. Naye, kwa kiburi, alikataa kupima alichoambiwa na mama yule mwenye mvi. Akabaki kuandika barua za kubishana. Mwaka haukuisha, maabara nyingine ikachapisha kila kitu, pamoja na kipimo cha kurudi.

Asubuhi habari zilipofika, Bi Chupa alibisha mlango wa Profesa, akaweka daftari la kijani mezani. Profesa akalisoma amesimama. Alipofika kwenye tarehe, akaisoma mara mbili.

"Siku ile ukumbini ulikuwa nalo?"

"Nilikuwa nalo."

"Ungeniokoa."

"Ndiyo, Profesa."

Profesa akaketi taratibu, kama mzee aliyekosa fimbo. Bi Chupa alisubiri furaha imjie. Alikuwa ameingoja siku hiyo karibu mwaka mzima. Haikuja. Jina lake nalo halikuwa popote, si katika makala iliyochapishwa, si katika ile iliyokataliwa.

Maabara ilikosa fedha, ikafungwa kabla ya mwaka mpya. Profesa alistaafishwa, wanafunzi wakatafuta walimu wengine. Bi Chupa alihamishiwa jengo la wanaoanza masomo, kuwaandalia vyombo. Dada yake alimuuliza kama anajuta.

"Ninajuta kwamba nilicheka," alisema, akamsogezea taa aweze kutunga uzi.